Leon Yupi, Constantine Yupi: Kumtambua Kaisari wa Bizanti Kwenye Muhuri wa Risasi

Chukua muhuri mmoja tu. Ni kipande cha madini ya risasi, cha mviringo, ukubwa wake kama kizibo cha chupa ya soda, rangi yake ya majivu. Ukingoni pana vitundu viwili vinavyotazamana. Ndimo ilimopita kamba iliyofunga barua. Upande mmoja kuna msalaba uliosimama juu ya vidaraja vitatu, na maneno ya Kigiriki yanauzunguka: "Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu." Upande wa pili hakuna picha. Kuna mistari ya maandishi tu: "Leon na Constantine, wafalme waaminifu wa Warumi." Herufi zinasomeka, majina yapo, cheo kipo. Mtu angedhani kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Katika karne moja, kati ya mwaka 717 na 820, Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mji mkuu wa Bizanti, yaani dola ya Roma ya mashariki, ilitawaliwa mara tatu na baba aitwaye Leon akiwa na mwana aitwaye Constantine. Leon III alimvika taji mwanawe Constantine V mwaka 720, wakatawala pamoja hadi baba alipofariki mwaka 741. Leon IV naye akamvika taji mwanawe Constantine VI mwaka 776, akafariki mwaka 780. Kisha akaja Leon V mwaka 813. Huyu mwanawe aliitwa Symbatios, lakini siku ya kutawazwa alibadilishwa jina akaitwa Constantine, kusudi ile jozi ya majina ya zamani irudi midomoni mwa watu. Leon V alitaka afananishwe na Leon III, na alifaulu kiasi kwamba miaka 1200 baadaye bado anatusumbua.

Namba hizi za III, IV na V ndizo zinazotudanganya tukadhani jambo ni jepesi. Ni namba zetu. Wanahistoria wamezibandika ili wasichanganye watu. Kaisari mwenyewe hakuandika "wa tatu" kwenye muhuri wake. Aliandika Leon, basi. Aliyepokea barua alijua nani yuko ikulu. Sisi hatumjui, na ndiyo maana kwenye mihuri ya makaisari picha si pambo. Mara nyingi huwezi kulijua jina ni la nani mpaka uwe umeisoma picha kwanza.

Tuanze na jinsi muhuri ulivyotengenezwa, kwa sababu nusu ya matatizo yanaanzia hapo. Fundi aliyeyusha risasi, ambayo huyeyuka kwa joto dogo tu la nyuzi 327 hivi, akaimimina kwenye kalibu iliyotoa visahani vyenye mfereji mwembamba katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. Barua ilipokunjwa, kamba iliyoifunga ilipitishwa kwenye mfereji huo. Kisahani kikawekwa katikati ya koleo la chuma liitwalo bulotirio, lenye taya mbili, na kila taya imechongwa picha na maandishi kwa kinyume. Mtu alibana, akapiga nyundo juu ya taya, na kwa pigo hilo mambo mawili yakafanyika pamoja: picha zikachapwa pande zote mbili, na mfereji ukajifinya ukaiuma kamba. Barua haikufunguka tena bila kuikata kamba au kuuharibu muhuri.

Visahani na koleo havikuwa na kipimo kimoja. Kisahani kikiwa kidogo kuliko taya, herufi za ukingoni zilibaki nje. Fundi akipiga akiwa na haraka, picha ilikwenda upande. Kamba ilipooza, risasi ikapasuka kufuata mfereji, yaani katikati kabisa ya uso wa kaisari au ya jina lake. Halafu yakaja maji, udongo na chumvi, uso ukaota unga mweupe. Anayesoma muhuri hukaa nao chini ya taa iliyowekwa ubavuni, akiugeuza polepole, maana kivuli cha herufi iliyofutika huonekana kwa pembe moja na kupotea kwa nyingine.

Risasi ilikuwa ya barua na amri za kila siku. Nyaraka kubwa zilifungwa kwa dhahabu, na hapo uzito wenyewe ulikuwa lugha. Kitabu cha taratibu za ikulu kilichokusanywa katika karne ya 10 chini ya Constantine VII kinaeleza nani apelekewe muhuri wa uzito gani: Papa wa Roma alikuwa akipata wa uzito wa sarafu moja ya dhahabu, baadaye mbili, Khalifa wa Baghdad alipata wa sarafu nne. Ukiona hesabu hiyo unaelewa mara moja ikulu ilimwona nani kuwa mkubwa. Lakini dhahabu huyeyushwa na warithi. Risasi haikuwa na thamani hiyo, ikatupwa, ikazikwa, ikaokoka. Mkusanyo mkubwa kuliko yote, ulioko Dumbarton Oaks jijini Washington, una mihuri ipatayo 17,000, ingawa iliyo mingi ni ya maofisa, maaskofu na watu binafsi. Ya makaisari ni michache, na kila mmoja una uzito wake kwa mwanahistoria.

Sasa picha. Kuna kanuni moja ya kushika kabla ya nyingine zote: kwa kawaida ni kaisari peke yake aliyeweza kuweka sura yake mwenyewe kwenye muhuri. Jenerali aliweka mtakatifu wake, askofu aliweka Bikira Maria, karani aliweka msalaba au jina lake lililosukwa herufi ndani ya herufi. Ukiona mtu mwenye taji, ameshika tufe lenye msalaba juu yake, uko mbele ya mamlaka ya ikulu, hata kama jina lililoandikwa upande wa pili ni la mtu mwingine. Hilo la mwisho nitalirudia, lina kisa chake.

Katika karne ya 6, wakati wa Justinian I, upande mmoja ulikuwa na uso wa kaisari akitazama mbele, na maandishi yalikuwa bado ya Kilatini: "Bwana wetu Justinianus, Augusto wa daima." Upande wa pili alisimama Ushindi, yule mwanamke mwenye mabawa wa Roma ya kale, ameshika mataji ya majani kwa mikono yote miwili. Milki ilikuwa ya Kikristo kwa miaka mingi, lakini aliyebeba salamu za kaisari bado alikuwa yule malaika wa kipagani. Kisha, kuelekea mwisho wa karne hiyo, Ushindi akaondoka na mahali pake akasimama Bikira Maria akiwa na Mtoto. Mimi naona badiliko hili ni kubwa kuliko sheria nyingi zilizotangazwa wakati huo. Hakuna amri iliyotufikia inayoeleza kwa nini; kuna risasi tu inayoonyesha kwamba ulinzi wa dola ulihamishwa kutoka mikono ya mmoja hadi ya mwingine. Katika karne ya 7 Bikira aliendelea kukaa hapo, mara nyingi akiwa kati ya misalaba miwili, wakati Waarabu wakiitwaa Siria na Misri na kuufikia hata ukuta wa Konstantinopoli.

Leon III alipoingia madarakani mwaka 717 alitumia muhuri wa namna hiyohiyo: Bikira upande mmoja, yeye upande mwingine. Baada ya kumtawaza mwanawe tunauona muhuri tulioanza nao, wa msalaba na maneno matupu. Ni wakati wa ule ugomvi mkubwa wa sanamu, ikulu ikipiga vita picha takatifu, na mtu hushawishika kusema msalaba huu ndio ushahidi wa vita hivyo. Tusiende haraka. Msalaba juu ya vidaraja ulikuwa kwenye sarafu za dhahabu tangu enzi ya Tiberius II, miaka 140 kabla, na hakuna aliyemtuhumu Tiberius kuchukia picha. Kinachosema zaidi ni kile kilichokosekana: si Bikira tu, hata uso wa kaisari mwenyewe umeondoka. Barua ya mfalme ikawa inafungwa kwa msalaba, sala na majina.

Msalaba wenyewe nao una umri wake. Ule wa Leon III ni wa kawaida, wenye mkono mmoja wa kukingama na ncha zilizopigwa vipande. Msalaba wa mikono miwili, mfupi juu na mrefu chini, unajitokeza kwenye sarafu za Theophilos, aliyetawala mwaka 829 hadi 842, na kwenye mihuri unaenea baada ya hapo. Kwa hiyo muhuri wenye jina la Leon na msalaba wa mikono miwili hauwezi kupewa Leon III kirahisi, hata uwe umekwanguka namna gani.

Picha zikarudishwa rasmi mwaka 843, na katika utawala wa Michael III tunampata Kristo upande mmoja, mwenye ndevu, ameshika Injili, na kaisari upande wa pili. Mpangilio huo ukakaa kwa karne nyingi. Kristo wakati mwingine ni kifua na kichwa, wakati mwingine ameketi kwenye kiti cha enzi. Kaisari anasimama mzima, amezungushiwa ule mkanda mrefu wa vito uitwao loros, bendera ya kifalme mkono mmoja, tufe mkono mwingine.

Turudi kwa Leon na Constantine. Njia ya kwanza ya kuwatenganisha wale watatu ni mpangilio wa majina: mkubwa hutangulia. Ukisoma "Constantine na Leon" badala ya "Leon na Constantine," uko kwa Constantine V na mwanawe Leon IV, kati ya 751 na 775, na umeshaziacha zile jozi zote tatu. Njia ya pili ni sarafu. Sarafu za kaisari zimepangwa vizuri kuliko mihuri kwa kuwa zimebaki kwa wingi, na zinaonyesha sura ileile, mavazi yaleyale, hata mkono wa mchongaji yuleyule. Ndevu peke yake husaidia mno: kaisari mdogo, mtoto wa mkubwa, huchorwa bila ndevu; Heraclius, kaisari wa karne ya 7, ana ndevu fupi mwanzoni na ndefu sana kuanzia mwaka 629, hivyo sura yake ni kama kalenda.

Lakini sarafu nazo zina mtego. Kwenye sarafu za fedha, Leon III na mwanawe wanaitwa "wafalme kutoka kwa Mungu" bila kutaja watu gani. Maneno "wa Warumi" yanaanza kuongezwa kwenye sarafu mwaka 812, Bizanti ilipokubali kwamba Charlemagne kule magharibi naye aitwe mfalme. Ilibidi mtu aeleze yeye ni mfalme wa nani. Mwanafunzi anayejua hilo akiuona muhuri wetu wenye "wafalme waaminifu wa Warumi" anarukia Leon V, wa mwaka 813. Amekosea. Kwenye mihuri cheo hicho kilitangulia kuliko kwenye sarafu, na kimo kwenye mihuri ya Leon III. Sarafu ilikwenda sokoni, muhuri ulikwenda mkononi mwa mtu mwenye cheo, na vitu hivi viwili havikulazimika kusema sawa kwa wakati mmoja. Kinachobaki ni umbo la herufi, mkato wa mistari, namna msalaba ulivyochongwa, na zaidi ya yote kulinganisha muhuri na ndugu zake waliotoka kwenye koleo lilelile. Kipande kimoja kimepoteza mstari wa juu, kingine cha chini. Ukiviweka pamoja, maandishi yanakamilika.

Nilisema kuna mihuri yenye sura ya kaisari na jina la mtu mwingine. Ni ya wale maofisa walioitwa makomerkiario, wasimamizi wa maghala ya serikali katika karne ya 7 na ya 8. Hao waliruhusiwa kuchapa sura ya kaisari, na walifanya jambo ambalo makaisari wenyewe hawakulifanya: waliandika mwaka. Mwaka huo ulihesabiwa kwa indiktio, mzunguko wa miaka 15 uliotokana na hesabu za kodi, unaoanza tarehe 1 Septemba. Shida ni kwamba mzunguko ukimalizika unaanza tena na moja, na hakuna aliyeandika ni mzunguko wa ngapi.

Upo muhuri wa mtu aitwaye George, mwenye cheo cha heshima cha "aliyewahi kuwa konsuli," unaotaja mateka Waslavi wa jimbo la Bithynia, indiktio ya 8. Neno la Kigiriki lililotumika, andrapoda, ndilo la kumtaja mtu aliyetekwa akafanywa mali. Mwaka wa 8 wa indiktio unaangukia 649/650, 664/665, 679/680, 694/695 na 709/710. Bila picha tungebaki na miaka mitano ya kukisia. Picha inaonyesha Justinian II, na hapo mitatu inaondoka mara moja. Inabaki miwili, kwa sababu Justinian II alitawala mara mbili: kuanzia 685 hadi 695, alipopinduliwa na kukatwa pua, na tena kuanzia 705 hadi 711. Indiktio ya 8 imo katika kila kipindi. Ila katika kipindi cha pili alikuwa ameshamtawaza mwanawe Tiberius, na sarafu zinawaonyesha wawili; kwenye muhuri yuko peke yake. Tena George huyohuyo ana mihuri mingine ya mwaka uleule kwa majimbo mengine ya Asia Ndogo (Uturuki ya leo). Kwa hiyo ni 694/695.

Hapo muhuri unagusa maisha ya watu. Mwandishi wa tarehe Theophanes anasimulia kwamba Justinian II aliwahamishia Waslavi Asia Ndogo, akaunda kwao jeshi la watu 30,000, na katika vita vya Sebastopolis 20,000 wakavuka upande wa Waarabu. Naye kwa hasira akawaangamiza waliobaki pamoja na wake na watoto wao. Kisha tunao muhuri wa miaka michache tu baadaye, na afisa wa maghala anayeshughulikia Waslavi mateka wa jimbo hilohilo. Je, waliuzwa? Je, Theophanes alizidisha chumvi kuhusu mauaji? Au maghala yalikuwa yakigawa silaha na vifaa kwa Waslavi waliosajiliwa jeshini, kama wengine wanavyoona? Wanahistoria wamebishana juu ya hili kwa zaidi ya miaka 100. Mimi neno andrapoda linanizuia kuikubali ile hoja ya silaha. Mtu hayaiti majeshi yake kwa neno la bidhaa. Lakini ubishi wote usingekuwapo kama sura ya kaisari ingekuwa imefutika, maana tusingejua hata ni enzi ya nani.

Kuanzia karne ya 11 mambo yanapaswa kuwa rahisi, kwa kuwa makaisari wanaanza kuandika jina la ukoo: Constantine IX anajiita Monomachos, Constantine X anajiita Doukas. Ni alama ya nyakati; koo kubwa za kijeshi zimekamata kiti na zinataka kila mtu ajue ni ukoo gani. Chukua basi muhuri wa "Alexios Komnenos." Unafikiri ni Alexios I, aliyetawala 1081 hadi 1118, yule aliyewapokea wapiganaji wa Vita vya Msalaba. Pengine. Lakini yuko mjukuu wa mwanawe, Alexios II, aliyepata kiti akiwa mtoto mwaka 1180. Yuko Alexios III, aliyetawala 1195 hadi 1203, ambaye kwa ukoo wa baba yake alikuwa Angelos. Akaliacha jina hilo akajiita Komnenos kwa sababu lilikuwa na heshima zaidi, na hivyo ndivyo alivyoandika kwenye sarafu zake. Na mwaka 1204, mwaka ambao Konstantinopoli ilianguka, yuko Alexios mwingine wa ukoo huohuo aliyejitangaza kaisari huko Trebizond. Jina la ukoo, lililowekwa ili kutofautisha watu, limegeuka kuwa vazi la kuazima.

Tena ipo mihuri ya Alexios I ya kabla hajawa kaisari, alipokuwa jenerali: "Alexios Komnenos, sebasto na domestiko wa Magharibi," yaani mwenye cheo cha heshima na mkuu wa majeshi ya upande huo. Hapo sura yake haimo, kwa ile kanuni tuliyoitaja. Ukipanga mihuri yake kwa mfuatano unamwona mtu mmoja akipanda ngazi, mpaka siku moja anajitokeza mwenyewe kwenye risasi, amevaa loros.

Mahali ulipookotwa muhuri husaidia, ila kwa uangalifu. Sarafu ikiokotwa Preslav, mji mkuu wa zamani wa Bulgaria, inakuambia biashara ilifika huko. Muhuri ukiokotwa hapohapo unakuambia barua ilifunguliwa huko. Koleo lilikuwa Konstantinopoli, kamba ilikatwa Preslav. Na Preslav hiyohiyo ina onyo la aina yake. Mtawala wa Wabulgari, Simeon, aliyelelewa na kusomeshwa Konstantinopoli, alichapa mihuri yake mwenyewe ya risasi kwa mtindo wa ikulu ya Bizanti: yeye na vazi la kifalme, maandishi ya Kigiriki, na cheo cha mfalme wa Warumi. Kaisari Romanos I alimwandikia akilalamika juu ya kujitwalia cheo hicho. Simeon alikufa mwaka 927 bila kuiteka Konstantinopoli, lakini mtu anayeangalia vazi na cheo bila kusoma jina herufi kwa herufi angemweka moja kwa moja kwenye kiti alichokitamani maisha yake yote.

Ndiyo sababu katika orodha za mihuri utakuta mbele ya jina kuna alama ndogo ya kuuliza, au tarehe mbili zikiwa zimewekwa bega kwa bega. Ule muhuri wetu wa msalaba na vidaraja vitatu umeandikwa: Leon III na Constantine V, 720 hadi 741. Ukiokotwa kesho mwingine wa koleo lilelile, wenye ukingo mzima, mstari huo utasomwa upya.